Darasa maalumu halina deiwaka

Msomaji wangu, wewe unayesoma ukurasa huu umeegemea nguzo ya umeme pale kijiweni, nikuulize swali dogo tu. Daladala inatakiwa itoke saa kumi na moja alfajiri, konda hajatokea. Kinafuata nini? Jibu unalo. Dereva anapiga mluzi, deiwaka anadandia mlangoni, gari linaondoka. Konda akipotea siku mbili bila taarifa, siku ya tatu anakuta mlango una mwenyewe. Hapaitishwi kikao wala haiandikwi barua. Tajiri anataka hesabu yake jioni, na hesabu haijui udugu.

Sasa tutoke stendi, twende shuleni. Mwalimu hajatokea, watoto wamekaa. Nani anadandia mlangoni? Hakuna. Nani anadai hesabu jioni? Hakuna. Mwisho wa mwezi mshahara unaingia benki ule ule, kana kwamba gari lilitembea na abiria wakafika. Na kama darasa lenyewe ni la watoto wenye ulemavu wa akili, basi hapo ndipo utakapojua kwamba nchi hii ina abiria ambao hata wakiachwa porini hakuna atakayeuliza walishukia wapi.

Nayasema haya kwa sababu kuna mama mmoja, mwalimu wa elimu maalumu katika shule ya msingi ya serikali hapa hapa Dar es Salaam. Jina lake naliweka kapuni, na la shule nalitupia humo humo, maana katika nchi hii mwenye kusema ndiye anayepewa uhamisho, na mwenye kusemwa anabaki anakunywa chai. Mama huyu alisomea kazi yake Patandi, kule Arusha, chuo ambacho kwa miaka mingi ndicho kimekuwa kikiandaa walimu wa watoto wenye mahitaji maalumu. Kitengo chake kina watoto 19, wengine wana ulemavu wa akili, wengine usonji, wawili wana kifafa juu yake. Kwenye makaratasi kitengo kina walimu wawili. Nasisitiza, kwenye makaratasi.

Huyo wa pili nitamwita Mwalimu Nipo Njiani, kwa sababu ndiyo salamu yake ukimpigia simu. Saa mbili asubuhi, nipo njiani. Saa nne, nipo njiani, kuna foleni Ubungo. Saa sita, kuna mgonjwa nyumbani, nitakuja kesho. Kesho akija anasaini daftari la mahudhurio saa moja na robo, anatundika koti kwenye kiti, anapiga stori mbili ofisini, kisha anatoka kwenda kuangalia pikipiki zake za bodaboda. Koti linabaki linafundisha.

Usidhani ni mjinga. Nipo Njiani anazijua kanuni kuliko wanaozisimamia. Kanuni za Utumishi wa Umma zinahesabu kuwa ni kosa la kufukuzisha kazi mtumishi kutoonekana kazini zaidi ya siku tano bila ruhusa wala sababu ya maana. Kwa hiyo bwana mkubwa hafikishi siku tano hata siku moja. Anapotea mbili, anaibuka. Anapotea tatu, anaibuka na cheti cha zahanati. Anacheza na mstari kama winga anayejua mshika kibendera amesimama wapi. Kwenye daftari ni mtumishi safi. Darasani ni hadithi.

Mama huyu aliniambia neno moja ambalo nimekaa nalo wiki nzima. Alisema: "Mwanangu, mimi silalamiki kazi kuwa nyingi. Ningejua huyu bwana haji kabisa, ningejipanga peke yangu. Shida ni kwamba anakuja na haji."

Anakuja na haji! Tafakari hilo, msomaji. Mtu aliyekufa anazikwa, nafasi yake inaombewa mwingine. Mtu aliyehama anaandikiwa mbadala. Lakini mtu anayekuja na haji hana mbadala, kwa sababu kiti chake kina koti. Mama akipanga kwamba Jumanne mwenzake atachukua watoto sita wa mazoezi ya kujihudumia na yeye abaki na wanaojifunza kuhesabu, Jumanne inafika mpango unakufa saa mbili na nusu. Wote 19 wanarudi kwake. Anaacha kufundisha, anaanza kuchunga.

Labda wewe uliyesoma darasa la watu 90 unacheka. Unasema, sisi tulikuwa 90 na mwalimu mmoja, tukatoka, sembuse 19! Hebu nikueleze darasa hili linavyokwenda, maana wengi wetu tumepita mbele ya vitengo hivi miaka saba ya shule ya msingi bila kuchungulia dirishani.

Mtoto mwenye ulemavu wa akili hajifunzi kwa kuandikiwa ubaoni na kuambiwa nakili. Kitu ambacho wewe ulikiona mara moja ukakijua, kama kufunga kifungo cha shati, mwalimu anakivunja vipande vinane au kumi. Shika kifungo. Shika tundu. Sukuma. Vuta. Kila kipande kinarudiwa siku baada ya siku, mkono wa mwalimu juu ya mkono wa mtoto, mpaka siku moja mkono wa mwalimu unaondoka na wa mtoto unaendelea wenyewe. Ndivyo anavyofundishwa kunawa, kwenda chooni, kuijua noti ya elfu moja na ya elfu mbili ili dukani asidhulumiwe. Ukikata mazoezi hayo wiki mbili, hukuti ulipoachia. Unaanza upya, na wakati mwingine unaanzia nyuma zaidi.

Mtoto mwenye usonji naye ana lake. Wengi wao hutegemea utaratibu kama wewe unavyotegemea ardhi chini ya miguu. Mwalimu yule yule, kiti kile kile, wimbo ule ule wa asubuhi. Ukiubadilisha ghafla anaweza kulia saa nzima, akajipiga kichwa ukutani, akakimbia. Sasa mletee mtoto wa namna hii mwalimu ambaye leo yupo, kesho hayupo, keshokutwa yupo mpaka saa tatu. Kumkosa kabisa kungekuwa afadhali. Na hapo ndipo utaona kwa nini walimu wawili katika darasa la watoto 19 si anasa. Mmoja akimpeleka mtoto chooni, mwingine abaki. Mmoja akifundisha, mwingine amshike anayetaka kutoka.

Muhula uliopita kilitokea kisa ambacho mpaka leo mama huyu akikisimulia mikono inatetemeka. Mtoto mmoja alipata degedege la kifafa katikati ya kipindi. Mama akapiga magoti, akamlaza ubavu, akasogeza madawati asijigonge, akakaa naye mpaka litulie, kama alivyofundishwa. Aliyekuwa na zamu ya kushika mlango alikuwa njiani. Dakika chache hizo zilimtosha mvulana wa miaka tisa, asiyezungumza, kupita mlangoni, kupita geti ambalo halina mlinzi, na kushuka barabarani kulikokuwa na magari.

Unajua nani alimrudisha? Vijana wa kijiweni. Wale wale wanaoitwa wahuni, wavuta bangi na wazururaji kila viongozi wanapotaka kuonekana wanafanya kazi. Mmoja alimwona mtoto wa sare anatembea katikati ya lami haangalii kulia wala kushoto, akaruka, akamdaka, akamleta shuleni mgongoni. Mwenye mshahara wa kumlinda alifika saa saba mchana, akasaini, akauliza: "Kuna nini, mbona watu wamejaa?"

Na bado yupo kazini. Unauliza kwa nini? Twende taratibu.

Kwanza, shahidi wa kosa hili hawezi kusema. Mtoto wa darasa la sita mwalimu wake akikosa, jioni nyumbani anapayuka: baba, leo mwalimu wa hesabu hakuja tena. Wazazi kumi wakisikia hivyo, mwalimu mkuu anapata wageni. Lakini mtoto asiyezungumza atamwambia nani? Anarudi nyumbani, mama yake anamvua sare, anamwogesha, anaona amerudi mzima, anashukuru Mungu. Hajui kwamba leo mwanawe alikaa saa nne anapigapiga dawati. Wizi huu unafanywa mbele ya shahidi aliyezibwa mdomo tangu kuzaliwa, na mwizi analijua hilo.

Pili, kitengo hiki hakiiletei shule kikombe. Shule zetu zinasifiwa na kuaibishwa kwa ufaulu wa darasa la saba, na wengi wa watoto hawa hawaketi mtihani huo. Kwa mwalimu mkuu anayepigiwa simu na wilaya kuhusu ufaulu, mwalimu wa hesabu wa darasa la saba akikosa ni msiba, mwalimu wa kitengo akikosa ni hali ya hewa. Ndiyo maana katika baadhi ya shule kitengo kimekuwa mahali pa kumficha mwalimu aliyeshindikana. Mtoto aliyehitaji mwalimu hodari kuliko wote anapelekewa yule ambaye madarasa mengine yamemtapika.

Tatu, na hapa ndipo mzizi ulipo, wakubwa wanahesabu saini, hawahesabu vipindi. Mwaka 2014 utafiti wa Benki ya Dunia ulipita katika shule zetu za msingi bila kutoa taarifa ya kuja. Walimu ambao hawakukutwa shuleni walikuwa kama 14 katika kila 100. Wengi wangesema si mbaya. Lakini ambao hawakukutwa darasani wakifundisha walikuwa 47 katika kila 100. Piga hesabu mwenyewe. Watu 33 katika kila 100 walikuwa ndani ya uzio wa shule, wamesaini, wana afya zao, na darasani hawapo! Mwenye kusoma daftari la mahudhurio anawahesabu 86. Mtoto anawahesabu 53.

Mwaka 2016 serikali ilitangaza kwa kishindo kufuta watumishi hewa zaidi ya 10,000 kwenye orodha ya mishahara. Watu walishangilia, na walikuwa na haki. Lakini hewa ni za aina mbili, msomaji. Kuna hewa asiye na mwili, jina tu linalokula mshahara, huyo ukihakiki unamkamata. Na kuna hewa mwenye mwili, mwenye kitambulisho, mwenye koti la kutundika. Huyu akija mhakiki anainua mkono anasema nipo. Hajakamatwa bado, na hatakamatwa kwa daftari la saini hata tukilinunulia kalamu ya dhahabu.

Najua hoja inayokuja. Mtasema mwandishi huyu mwenye kidato chake cha nne anawaonea walimu. Mishahara midogo, nyumba hakuna, madeni ya uhamisho na likizo hayalipwi, sasa mtu asitafute bodaboda ale nini? Hoja ina ukweli, na sitaikwepa. Mwalimu wa nchi hii amepuuzwa, na kijana yeyote anayetazama nyumba ya mwalimu wake wa zamani haitaji kuambiwa. Lakini kuna mambo mawili.

La kwanza, mama tunayemzungumza anapokea kutoka hazina ile ile. Anapanda daladala mbili alfajiri, foleni ya Ubungo na yeye anaikuta. Njaa haikumchagua Nipo Njiani peke yake. La pili, walimu wenye madai wanajua njia ya kudai. Chama cha Walimu kilipoitisha mgomo mwishoni mwa Julai 2012, kilitangaza, kikataja kinachotaka, kikasimama mbele ya mwajiri mpaka mahakama ikauzima mgomo ule. Unaweza kukubali au kukataa, lakini ule ulikuwa mgomo wa watu wazima dhidi ya wenye nguvu. Nipo Njiani anagoma kila wiki, kimya kimya, dhidi ya mtoto wa miaka tisa asiyezungumza. Huo si mgomo. Huo ni uonevu.

Na sheria zipo, tena zimejaa kabati. Juni 1994 serikali 92 zilikutana Salamanca, Hispania, zikatangaza kwamba shule za kawaida ziwapokee watoto wote. Mwaka 2009 Tanzania iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu. Mwaka 2010 Bunge likatunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu, Namba 9, inayosema watu hawa wana haki ya elimu sawa na wengine. Januari 2016 ikaja elimu bila malipo. Sensa ya mwaka 2022 ikatuambia kwamba katika Watanzania wenye umri wa miaka 7 na kuendelea, asilimia 11.2 wana ulemavu wa namna fulani. Zaidi ya mmoja katika kila kumi. Hesabuni hapo kijiweni mko wangapi, halafu kila mmoja ajiulize nyumbani kwao.

Sasa mkataba wa dunia nzima, sheria ya Bunge, waraka na sensa, vyote vinateremka kutoka juu mpaka kwenye mlango mmoja wa darasa. Pale mlangoni panatakiwa asimame mtu mmoja. Mtu huyo akiwa njiani, vyote hivyo ni karatasi za kufungia maandazi.

Tufanyeje basi? Naanza na mama mwenyewe, kwa heshima zote, shikamoo mama. Acha kumfunika. Najua unamfunika. Mkaguzi akija unasema mwenzangu katoka kidogo. Maandalio yake ya masomo unayaandika wewe kitengo kisionekane kibovu. Unafanya hivyo kwa ajili ya watoto, nalijua hilo. Lakini kila unapoziba tundu lake, aliye juu anaona ukuta mzima. Jitihada zako ndizo zinazomweka mjini. Nunua daftari la shilingi mia tano, andika tarehe, saa aliyofika, saa aliyotoka, watoto wangapi walibaki bila mwalimu. Usiandike matusi, andika saa. Mpe mwalimu mkuu nakala na umwombe asaini kuwa amepokea. Akilikalia, Tume ya Utumishi wa Walimu ipo mpaka ngazi ya wilaya. Aliyezoea kucheza na siku tano hana ujanja mbele ya daftari la saa.

Kwa Afisa Elimu Kata, ombi langu ni dogo. Usije shuleni saa moja kuangalia nani amesaini. Njoo saa nne na nusu, usipite ofisini, nenda moja kwa moja mlango wa kitengo. Hesabu watoto, hesabu walimu, ondoka. Mara tatu tu kwa muhula, na tarehe usimwambie mtu.

Kwa mwalimu mkuu, kama geti halina mlinzi na kitengo hakina msaidizi, liseme kwenye mkutano wa wazazi tukusaidie kupiga kelele. Ukinyamaza, siku mtoto atakapogongwa utaulizwa wewe, si koti.

Na sasa ni wewe, kijana. Usigeuze ukurasa kutafuta matokeo ya mpira. Kuna mtoto wa namna hii nyumbani kwenu, au kwa jirani, au kwa dada yako. Mara nyingi mama yake ndiye pekee anayempeleka na kumrudisha, na mama huyo hana sauti mbele ya mwalimu. Anaogopa akisema mwanawe atafukuzwa. Wewe huogopi. Wewe ukisimamishwa na trafiki unabishana mpaka jua linazama! Basi peleka ubishi huo mahali penye faida. Mpeleke mdogo wako shuleni mara moja kwa wiki. Ingia naye mpaka mlangoni, salimia kwa adabu, uliza kwa sauti: leo wapo walimu wangapi? Mkutano wa wazazi ukiitishwa, nenda na shemeji, nenda na mjomba, jazeni benchi. Nipo Njiani hamwogopi mtoto asiyezungumza. Atamwogopa kaka yake anayezungumza sana.

Abiria wa daladala akipitilizwa kituo anagonga bodi, konda anasikia. Watoto 19 wa kitengo kile wanapitilizwa kila siku na hawawezi kugonga. Jumatatu saa nne na nusu, kama huna deiwaka ya kufanya, pita pale ukawagongee bodi.